Damu na Jiko: Urithi na Kuishi Pamoja katika Kinga ya Jamaa za Wagonjwa wa Ukoma, kwa Kuzingatia Kaya ya Bahi

IKISIRI

Makala haya yanaeleza jinsi kinga ya mwili inavyojengeka kwa watu wanaoishi na wagonjwa wa ukoma. Mambo mawili yanachunguzwa: urithi, yaani yale ambayo mtu huzaliwa nayo, na kukutana na kimelea, yaani yale anayoyapata kwa kulala, kula na kukaa na mgonjwa. Kaya ya Bahi, katika nyanda za kati za Tanzania, inatumiwa kama kielelezo. Inaonyeshwa kwamba imani mbili za kale, ile ya kuuona ukoma kuwa ugonjwa wa ukoo na ile ya kuuona kuwa ugonjwa wa kuambukizana, kila moja imeshika sehemu tu ya ukweli, na kwamba mtu anayeshikilia moja na kuiacha nyingine huweza kuidhuru familia nzima.

1.0 UTANGULIZI

Waswahili wana methali isemayo, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Wanayo pia nyingine isemayo, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Ya kwanza inaweka tabia na hatima ya mtu katika nasaba yake, ya pili inaiweka katika wale anaokaa nao. Zinapotumiwa kuhusu mwenendo wa watu, methali hizi huishi pamoja bila ugomvi. Lakini zinapotumiwa kuhusu ugonjwa wa ukoma, kila moja hutoa hukumu yake. Anayefuata ya kwanza huvunja posa kwa sababu babu wa mchumba aliugua ukoma. Anayefuata ya pili humtenga mgonjwa, kisha humtenga mkewe, watoto wake na hata chombo alichokilia.

Swali la msingi la makala haya ni hili: kwa nini katika nyumba moja yenye mgonjwa wa ukoma, watu wanaovuta hewa ileile na kupakua chungu kilekile, mmoja huja kuugua na wengine wote wakabaki wazima maisha yao yote? Jibu lina umuhimu wa pekee kwa watu wa Tanzania. Nchi ilifikia mwaka 2006 kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa ni kutokomeza ukoma kama tatizo la afya ya jamii, yaani chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Hata hivyo, kufikia kiwango hicho si kumaliza ugonjwa. Wagonjwa wapya wameendelea kugunduliwa, na walio karibu nao ndio wanaokabiliwa na hatari kubwa kuliko watu wengine.

Bahi ni wilaya iliyo magharibi ya mji wa Dodoma, iliyomegwa kutoka iliyokuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini. Reli ya Kati na barabara kuu iendayo Singida hupita humo. Wenyeji wake walio wengi ni Wagogo, wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa uwele na mtama, na kandokando ya mbuga ya Bahi hulimwa mpunga. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu muundo wa kaya yake unasaidia kueleza jambo ambalo bila kielelezo ni gumu kushikika. Aidha, mkoa wa Dodoma una historia ndefu ya kuwahudumia wagonjwa wa ukoma, kama kinavyoshuhudia kituo cha Hombolo.

2.0 KIMELEA NA MWENDO WAKE

Ukoma husababishwa na bakteria aitwaye kwa Kilatini Mycobacterium leprae. Aliyemgundua ni daktari wa Norwei, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873. Kabla ya hapo wataalamu wengi wa Ulaya, pamoja na wakubwa wa Hansen mwenyewe, waliamini kwamba ukoma ni wa kurithi. Kwa hiyo imani ya ukoma wa ukoo haikuwa ya wanakijiji wa Afrika peke yao. Ilikuwa mafundisho ya wasomi wa Bergen pia.

Bakteria huyu ni mvivu kupita kiasi. Bakteria wengi wa kawaida hugawanyika kila baada ya dakika au saa chache, lakini huyu huhitaji takriban siku 12 hadi 14 ili mmoja awe wawili. Hupendelea sehemu za mwili zenye ubaridi, hasa ngozi, pua na mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Kwa sababu ya uvivu huo, dalili huchukua muda mrefu kujitokeza. Kwa wastani ni miaka 5, na huweza kufika 20 au zaidi. Ndiyo maana si rahisi kwa mgonjwa kukumbuka alikutana na nani, wapi na lini.

Njia kuu ya kutokea kwa bakteria ni pua ya mgonjwa mwenye bakteria wengi ambaye hajaanza matibabu. Mgonjwa akianza kutumia dawa za mchanganyiko, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 1981, uwezo wake wa kuambukiza hukoma baada ya muda mfupi sana. Jambo hili ni la kutiliwa mkazo: anayehofiwa na kijiji kwa kuwa anaonekana akimeza vidonge vya ukoma ndiye asiyepaswa kuhofiwa.

Mwaka 2001 wanasayansi walichapisha mpangilio kamili wa jeni za bakteria huyu. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya jeni zake zimekufa, hazifanyi kazi tena, na ndiyo sababu hawezi kuoteshwa katika chupa za maabara. Mwaka 2005 walilinganisha bakteria waliotoka pembe mbalimbali za dunia, wakakuta kwamba hawatofautiani karibu kwa lolote. Hapa pana hoja nzito. Ikiwa bakteria ni yuleyule, na wagonjwa wanatofautiana sana, basi tofauti hizo hazina budi kutafutwa kwa mtu mwenyewe na katika maisha yake.

3.0 MAANA YA KINGA

Kitenzi "kukinga" kina matumizi mawili ambayo yote yanafaa hapa. Mtu hukinga jua kwa mkono, yaani huzuia. Vilevile mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo, yaani hutega chombo ili apokee. Kinga ya mwili hufanya yote mawili: huzuia adui, na hupokea kutoka kwa adui huyo habari za kuutayarisha mwili kwa safari nyingine.

Inakadiriwa kwamba watu wapatao 95 katika kila 100 wana kinga ya asili inayotosha kumshinda bakteria wa ukoma. Hukutana naye, wakamdhibiti, na wasijue kwamba walikutana naye. Wale wachache wanaougua hawaugui kwa namna moja. Mwaka 1966 wataalamu Ridley na Jopling waliwapanga wagonjwa katika makundi matano kwa kufuata nguvu za kinga zao. Katika ncha moja yuko mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe za damu hupambana vikali. Huwa na baka moja au mabaka machache yasiyo na hisia, na bakteria ni adimu kuonekana. Katika ncha ya pili yuko ambaye chembe zake hazimtambui bakteria kuwa ni adui. Bakteria huzaana kwa mamilioni na kuenea katika ngozi yote. Wengi huangukia katikati.

Ni muhimu kutofautisha mikono miwili ya kinga. Mkono wa kwanza ni wa chembe hai. Baadhi ya chembe nyeupe hutoa kemikali, mojawapo ikiitwa intaferoni gama, inayoziamsha chembe nyingine zimeze na kuwaua bakteria waliojificha ndani ya seli. Mkono wa pili ni wa kingamwili, protini zinazoogelea katika damu. Katika maradhi mengi kingamwili huokoa maisha. Katika ukoma hali ni kinyume na inavyotarajiwa: mgonjwa mwenye bakteria wengi ndiye mwenye kingamwili nyingi, na hazimsaidii, kwa kuwa bakteria wamo ndani ya seli ambamo kingamwili haziingii. Kwa hiyo mwanakaya mzima anayekutwa na kingamwili nyingi dhidi ya mafuta ya ganda la bakteria huyu hahesabiwi kuwa amekingika. Huhesabiwa kuwa amekutana na bakteria wengi, na kwamba yafaa aangaliwe kwa karibu.

4.0 MCHANGO WA KUISHI PAMOJA

Utafiti mmoja wa Addis Ababa ulifungua macho ya wengi. Godal na Negassi walichapisha mwaka 1973 matokeo ya kupima chembe nyeupe za watu wazima waliokuwa karibu na wagonjwa. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya watu waliofanya kazi na wagonjwa kwa zaidi ya mwaka mmoja walikuwa na chembe zinazomtambua bakteria wa ukoma, ingawa hawakuwa na dalili yoyote. Maana yake ni kwamba bakteria huenea sana kuliko ugonjwa. Wengi huambukizwa, wachache huugua.

Lakini utafiti huohuo ulionyesha jambo la pili. Watu walioishi na wagonjwa wenye bakteria wengi, ambao matibabu yao yalikuwa bado machanga, walionyesha mwitikio dhaifu zaidi kuliko wengine waliokuwa karibu na ukoma. Watafiti walifasiri kwamba kukutana na bakteria kupita kiasi huweza kuishusha kinga badala ya kuipandisha. Kukutana kidogo hufundisha. Kukutana kwingi, usiku hadi usiku, huchosha. Ndoo iliyotegwa chini ya manyunyu hujaa. Iliyotegwa chini ya mafuriko huchukuliwa na maji.

Takwimu za Karonga, kaskazini ya Malawi, zinaafikiana na picha hiyo. Watu walioishi nyumba moja na mgonjwa mwenye bakteria wengi walikuwa na hatari ya kuugua iliyozidi ile ya watu wengine kwa mara 5 hadi 8, ilhali walioishi na mgonjwa mwenye bakteria wachache hatari yao ilizidi kwa takriban mara 2. Pamoja na hayo, sehemu ndogo tu ya wagonjwa wapya wa Karonga walitoka katika nyumba zilizojulikana kuwa na mgonjwa. Walio wengi waliambukizwa mahali pasipojulikana. Kwa hiyo kuitenga nyumba yenye mgonjwa hakukilindi kijiji.

5.0 MCHANGO WA URITHI

Ushahidi wa zamani kuhusu urithi ulitoka kwa mapacha. Mwaka 1973 Chakravartti na Vogel walichapisha uchunguzi wao kuhusu jozi 102 za mapacha wa India. Miongoni mwa mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zilezile, pacha mmoja alipougua, wa pili aliugua pia katika takriban jozi 60 kwa kila 100. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa takriban 20 kwa kila 100. Kwa kuwa mapacha wa aina zote mbili hulelewa pamoja, tofauti hii inaelekea kutokana na jeni. Ni kweli kwamba jozi ambazo wote wawili wanaugua huonekana upesi zaidi, na hivyo tarakimu zenyewe zisichukuliwe kama kipimo kamili. Hata hivyo mwelekeo uko wazi.

Yafaa tarakimu hizo zisomwe kwa upande wa pili pia. Kama katika jozi 100 za watu wenye jeni zilezile, jozi 40 zina mmoja mgonjwa na mwenzake mzima, basi jeni si hukumu. Mtoto wa nyoka, katika jambo hili, mara nyingi si nyoka.

Baadaye jeni zenyewe zilianza kutambuliwa. Mwaka 2004 utafiti wa familia za Vietnam uliihusisha hatari ya kuugua na eneo la kromosomu ya 6 lenye jeni iitwayo PARK2. Mwaka 2009 utafiti mkubwa wa China ulitaja jeni kadhaa, miongoni mwake NOD2, ambayo huziwezesha chembe za mwili kuhisi kwamba bakteria ameingia. Kundi jingine, liitwalo HLA, huamua ni vipande gani vya bakteria vitakavyoonyeshwa kwa chembe za ulinzi. Kwa ujumla, wataalamu huona hatua mbili. Baadhi ya jeni huchangia kama mtu ataugua au hataugua. Nyingine huchangia ataugua kwa namna gani, ya bakteria wachache au ya bakteria wengi. Hakuna jeni moja ya ukoma. Ziko nyingi, kila moja ikiwa na mchango mdogo, na baadhi ya zilizoonekana katika taifa moja hazikuonekana kwingine. Kwa kuwa sehemu kubwa ya tafiti hizo ilifanywa Asia, matokeo yake hayafai kuhamishiwa kwa Wagogo, Wamakonde au Waluguru bila uangalifu.

6.0 KUTENGANISHA DAMU NA JIKO

Ugumu mkubwa wa swali hili ni kwamba wanaochangia damu ndio hao hao wanaochangia jiko. Kaya ya Bahi inasaidia kulifumbua. Nyumba ya jadi ya Kigogo ni tembe: jengo refu lenye paa bapa la miti na udongo, kuta nene na matundu machache ya hewa, likiizunguka mifugo uani. Siku hizi nyumba za bati zimeongezeka, lakini wanakaya bado ni walewale: mume, mke au wake, watoto, wazazi wa mume, pengine nduguye. Nasaba hufuata upande wa baba, na mke kwa kawaida hutoka ukoo mwingine.

Tuseme baba wa kaya ameugua ukoma wa bakteria wengi na amekaa miaka 3 bila kutibiwa. Watu wanne wanaweza kulinganishwa. Mkewe analala karibu naye kuliko mtu yeyote, lakini si wa damu yake: ana jiko bila damu. Nduguye aliyehamia Manyoni ni wa damu yake, lakini hakai naye: ana damu bila jiko. Mwanawe wa kumzaa, aliye nyumbani, anavyo vyote viwili. Jirani wa ng'ambo ya njia hana hata kimoja kwa ukamilifu, ingawa hupita kuzungumza jioni. Kama kuishi pamoja pekee ndiko kunakoamua, mke ndiye angekuwa hatarini kuliko wote. Kama damu pekee ndiyo inayoamua, ndugu wa Manyoni angelingana na mtoto aliye nyumbani.

Ulinganishi wa aina hiyo ulifanywa Bangladesh kwa watu zaidi ya 20,000 waliokuwa karibu na wagonjwa wapya wapatao 1,000, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006. Ilionekana kwamba waliochangia paa na jiko na mgonjwa walikuwa na hatari kubwa kuliko majirani wa mbali. Ilionekana pia kwamba wazazi, watoto na ndugu wa mgonjwa walikuwa na hatari iliyoongezeka, hata baada ya umbali wa makazi kuzingatiwa katika hesabu. Umri na aina ya ukoma wa mgonjwa vilikuwa na mchango wao pia. Kwa maneno mengine, damu na jiko kila kimoja kina uzito wake, na mwenye vyote viwili ndiye wa kuangaliwa kwanza. Katika kaya iliyotajwa, huyo ni mtoto.

7.0 CHANJO, UDONGO NA MAJI

Kukutana na kimelea si lazima kuwe kukutana na kimelea cha ukoma chenyewe. Chanjo ya BCG, ambayo watoto wa Tanzania huchanjwa wanapozaliwa kwa ajili ya kifua kikuu, hutokana na bakteria aliye jamaa ya yule wa ukoma, na huufundisha mwili kuwatambua wote wawili. Ushahidi wa mapema ulitoka Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1960, katika eneo la Teso, mashariki ya Uganda, walichanjwa watoto waliokuwa jamaa za wagonjwa wa ukoma au waliokuwa karibu nao. Kinga iliyopatikana ilifikia takriban asilimia 80. Chanjo ya aina hiyohiyo ilipojaribiwa Burma, kinga ilikuwa takriban asilimia 20 tu, na huko Karonga takriban asilimia 50.

Tofauti hizo huelezwa na wataalamu wengi kwa kutazama mazingira. Udongo na maji ya nchi za joto vimejaa bakteria wengine wa jamii hiyo wasiodhuru. Mtu anayelima majaruba au kuchota maji ya bwawa hukutana nao tangu utotoni. Huenda baadhi yao huipa kinga yake mafunzo yanayofanana na chanjo, na wengine wakayavuruga. Kwa hiyo mkulima wa mpunga wa kando ya mbuga ya Bahi na mchungaji wa vilima vikavu, hata wakiwa wa ukoo mmoja, si lazima wawe na kinga iliyofunzwa kwa namna moja.

8.0 MAFUNZO KWA KAYA

Ujuzi huu umekwisha kuingia katika utendaji. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba huko Bangladesh dozi moja ya rifampisini, waliyopewa watu walio karibu na wagonjwa, ilipunguza idadi ya waliougua kwa asilimia 57 katika miaka 2 ya mwanzo. Manufaa yalikuwa madogo zaidi kwa wale wa karibu kabisa, jambo linalopatana na yaliyoelezwa hapo juu: wenye damu na jiko huenda walikwisha kubeba bakteria wengi kuliko wanaoweza kumalizwa na dozi moja. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizojaribu utaratibu huo katika mradi wa kimataifa ulioanza mwaka 2015, katika wilaya za Kilombero, Liwale na Nanyumbu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliupendekeza.

Yapo mambo matatu ambayo kaya yenyewe inaweza kuyafanya. La kwanza ni kukubali kwamba mgonjwa mmoja akigunduliwa, wote waliokaa naye wakaguliwe ngozi na mishipa ya fahamu, wakianza na watoto na ndugu zake. La pili ni kurudia ukaguzi huo kwa miaka kadhaa, kwa kuwa bakteria ni mvivu na aliye mzima leo huweza kuonyesha baka baada ya miaka 5. La tatu ni kutomtoa mgonjwa nyumbani. Akishaanza dawa, hatari haipungui kwa kumhamisha. Na akijua kwamba atahamishwa, hatajitokeza kutibiwa. Atalificha baka chini ya nguo, ataendelea kulala karibu na wanawe bila dawa, na hapo ndipo methali ya samaki itakapotimia kwa mkono wa wale walioiogopa.

9.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba kinga ya mtu anayeishi na mgonjwa wa ukoma haitokani na chanzo kimoja. Urithi humpa mwili wenye uwezo fulani wa kumhisi na kumpiga adui. Kuishi pamoja huamua adui atakuja kwa wingi gani, mapema kiasi gani na kwa muda gani. Chanjo, udongo na maji huongeza au hupunguza. Waliosema ukoma ni wa ukoo hawakuwa wajinga. Waliona kwamba unafuata damu. Waliosema ni wa kuambukizana hawakuwa wajinga pia. Waliona kwamba unafuata nyumba. Kosa lilikuwa la kila upande kudhani kwamba umeona yote.

Katika Kigogo ukoo huitwa mbeyu, neno lililo ndugu wa "mbegu" ya Kiswahili. Mkulima wa Bahi anajua kwamba mbegu ni muhimu, kwamba mvua na udongo ni muhimu, na kwamba hakuna anayeweza kulitabiri shamba kwa kutazama kimoja tu kati ya hivyo. Msichana ambaye babu yake aliugua ukoma anaposwa kama msichana mwingine yeyote. Kama babu huyo yungali hai na baka lake halijatibiwa, kinachotakiwa si kuvunja posa bali ni kumpeleka kituo cha afya, pamoja na wajukuu wake wote.